Sauti ya Mama Bosi

"Nimeshasema siji, Mama Bosi! Bibi yangu kafariki."

"Bibi yako tumeshamzika mara tatu, A-tsai. Kesho asubuhi, darajani. Usinichezee."

Pi-yu akakata simu, akamwomba radhi muuza programu za kuitia mafundi kazini aliyekuwa akisubiri sebuleni na kompyuta yake mapajani. Hiyo ndiyo kazi yake kila jioni: kuwapigia mafundi nondo wa mumewe mmoja mmoja, nani anakuja, nani anapelekwa kwenye ujenzi upi. Jikoni supu ya samaki ilikuwa imeshapoa. Tangu aolewe hapa Tainan hajawahi kula cha jioni kikiwa cha moto, na sasa alikuwa amechoka kweli kweli.

Mumewe, Kun-te, alikuwa ameshachagua programu ya kwanza kati ya mbili walizoletewa, ile yenye ramani ya kuonyesha kila fundi alipo. "Tazama, mke wangu! Hata akijificha dukani kutafuna popoo, namwona."

"Na fundi asipojibu?" Pi-yu akamwuliza muuzaji.

"Inakuletea taarifa wewe, ili umpigie."

"Kumbe bado ni mimi! Na hii nyingine?"

"Hii haina ramani," muuzaji alisema kwa aibu kidogo. "Ila inampigia fundi yenyewe, kwa sauti mtakayorekodi nyinyi, mpaka abonyeze nakuja au siji."

"Hiyo hiyo."

"Lakini ramani..." Kun-te akalalamika.

"Ukitaka ramani, baba, simu uzipige wewe."

Kun-te akanywea. Pi-yu akarekodi sauti yake papo hapo, bila kubembeleza mtu: "Kesho unakuja au huji? Ukinyamaza, napiga tena."

Jioni ya kwanza alikaa mezani hajui mikono aiweke wapi. Wasiwasi ulimshika: je, kesho darajani pakikosekana watu? Lakini majibu yalikuwa yakiingia kwenye simu yake moja baada ya jingine, na hata A-tsai alikuwa amebonyeza nakuja. Mara simu ya Kun-te ikalia, maana naye yumo kwenye orodha. Sauti ya mkewe ikamfokea kutoka mfukoni.

"Nakuja, nakuja!" akaiambia simu, huku akipapasa kitufe na kumtazama mkewe aliyeketi mbele yake.

Pi-yu alicheka mpaka machozi yakamtoka. Kisha akachota supu, akaitia mdomoni kwa pupa kama alivyozoea, ikamuunguza ulimi.