Injini ya Teofil Iligoma Kuzunguka

Gari la Bogumila lilikuwa limekwisha kuupita msalaba wa njiapanda, limembeba mzee Teofil kiti cha mbele na kofia yake kichwani, naye Zenon bado alikuwa amesimama langoni, mkono juu. Hakuna aliyempungia. Dada yake alikuwa anapambana na mashimo ya barabara, na baba yake, tangu kiharusi kilipompiga wakati wa theluji, alikuwa anatazama mbele tu, utadhani yeye ndiye anayeendesha.

Mzee alikuwa anapelekwa mjini Bialystok akafanyishwe mazoezi ya mkono na ulimi. Hilo Zenon alilielewa. Lililomchanganya ni lile alilotupiwa na dada yake pale mlangoni, huku akimfunga baba vifungo vya koti.

"Siku ya Mtakatifu Marko, mwisho wa Aprili, tunarudi kukuangalia. Nikikuta unapanda viazi kwa trekta letu wenyewe, baki na shamba, sitalitaja tena. Nikikuta lile dude bado linakohoa ghalani, shamba namkodishia yule bwana wa mahindi, na wewe unakuja kuishi kwangu."

"Kwako ghorofa ya tano?"

"Kuna chumba, mdogo wangu. Na bomba la maji ya moto."

Zenon alikuwa amevuka hamsini, hajaoa, na ukiacha miaka ya jeshi hakuwahi kulala kwenye nyumba nyingine. Alirudi ndani, akanywa maziwa mgando amesimama, kisha akaenda ghalani kulitazama trekta.

Teofil alilinunua Zenon akiwa bado anafungwa nepi. Lililima, lilivuta magogo, lilimpeleka mama yao makaburini. Sasa lilikuwa linakunywa oili kama mlevi, linagonga ndani na kutoa moshi wa buluu, na kwenye mwinuko wa miti ya mibetula lilishindwa hata kupanda na tela tupu. Lilihitaji kufumuliwa injini yote: pistoni mpya, ringi mpya, beringi mpya. Shida ni kwamba katika nyumba ile injini ilifunguliwa na mtu mmoja tu, naye ndiye huyo aliyekuwa ameondoka na kofia yake. Zenon alijua kuliendesha, kulipaka grisi na kulitukana. Ndani hakuwahi kukaribishwa.

Jirani yake, mzee Hipolit, rika la baba yake, alikuja bila kuitwa, na mtungi wa matango ya chumvi kwapani.

"Nasikia unataka kumpasua mgonjwa," alisema.

"Nishikie taa, mjomba."

"Nitashika. Ila akifa, mimi sikuwepo."

Walifungua sampo, lile bakuli la oili. Chini ya injini wakaona konrodi nne, vile vyuma virefu vya pistoni, zimeushika mhimili wa krenki, kila moja na kifuniko chake cha chini chenye bolti mbili. Namba za kiwandani zilikuwa zimefutika zamani, lakini kwenye kila kifuniko Teofil alikuwa amegonga nukta kwa patasi: nukta moja, mbili, tatu, nne. Zenon alifurahi mpaka akacheka peke yake.

"Ona, mzee kaniandalia kazi."

"Hata hivyo piga alama na chaki," Hipolit alisema.

"Nukta zipo, chaki ya nini?"

"Nasema tu. Mimi si fundi, mimi ni mla matango."

Konrodi Zenon alizipanga juu ya ubao vile zilivyotoka, kuanzia upande wa rejeta, mbele ya trekta. Vifuniko akavitupa vyote kwenye beseni moja la mafuta ya taa, akavisugua vikang'aa. Alijua kwamba kila kifuniko kina konrodi yake, vimetobolewa pamoja na havibadilishani. Ndiyo maana alishukuru zile nukta. Wakati wa kurudisha, nukta moja akaipeleka kwenye konrodi ya kwanza kutoka rejeta, kama anavyohesabu kila fundi duniani, akaendelea hivyo hadi ya nne. Akakaza bolti. Akachukua mtaimbo azungushe krenki.

Krenki haikwenda. Akaweka uzito wote, haikwenda. Hipolit akaweka taa chini, wakasukuma wawili, mtaimbo ukaanza kupinda.

"Umeifunga kama jeneza," Hipolit alisema.

Zenon alilegeza vifuniko vyote, krenki ikazunguka kwa kidole. Akakaza tena, ikaganda. Hapo ndipo alipopotea. Beringi mpya ni nene mno? Alipanda basi mpaka sokoni alikozinunua. Muuzaji akazipima mbele yake: saizi sahihi. Labda bolti zimekazwa kupita kiasi? Akakaza kidogo, ikaganda. Pistoni? Alizitoa zote, akafunga konrodi tupu. Ikaganda vilevile. Kila jibu alilopata lilikuwa jema, na injini haikuzunguka. Alianza kujishuku yeye mwenyewe, mikono yake, macho yake. Alikaa juu ya ndoo, akavitazama vile vifuniko vinne vinavyong'aa mpaka vikafanana vyote.

Nje udongo ulikuwa umekauka vizuri. Majirani walikuwa wameanza kupanda.

"Chukua trekta langu," Hipolit alisema. "Bogumila atajuaje?"

"Utamwambia wewe, mjomba."

Hipolit alifikiri kidogo. "Ni kweli. Nitamwambia."

Basi Zenon akampigia simu dada yake, akaomba apewe baba. Alisikia pumzi, kisha kijiko kikigonga kikombe.

"Baba, zile nukta zako. Ya kwanza ni ipi?"

Ikaja ile sauti nzito, ya upande mmoja wa mdomo: "Kasztan. Wa kwanza Kasztan. Siwy mwisho."

"Baba, nauliza injini."

"Kasztan," mzee alirudia, kwa hasira sasa.

Bogumila akachukua simu. "Mwache, Zenon. Anachanganya mambo. Jana kaniita kwa jina la mama. Trekta limepona?"

"Linapona," alisema Zenon, akakata.

Alimweleza Hipolit kwa unyonge, kama mtu anayeleta habari za msiba. Kasztan na Siwy walikuwa farasi wa babu, wamekufa kabla yeye hajazaliwa. Akili ya mzee imekwenda, na siri ya injini imekwenda nayo.

Hipolit aliacha kutafuna.

"Nani kakwambia akili imekwenda? Baba yako ujana wake wote alivuta magogo msituni. Njia ya theluji ni nyembamba, farasi wawili hawapiti bega kwa bega. Unamfunga mmoja nyuma ya mwenzake. Kasztan alikuwa huyu wa karibu na sleji, Siwy ndiye wa mbele kabisa."

"Sasa kwa nini Kasztan wa kwanza?"

"Kwa watu wa magogo wa kwanza ni yule anayekupiga mkia usoni. Unahesabu kutoka unapokaa. Yule wa mbele hata humwoni vizuri."

"Injini haina farasi, mjomba."

"Inao wanne. Nenda kakae kwenye kiti chake, uhesabu."

Zenon alipanda kwenye kiti cha chuma, akajiona mjinga. Kutoka pale, konrodi ya karibu na magoti yake ndiyo ile aliyokuwa akiiita ya nne. Alishuka, akavibadilisha vifuniko vyote, nukta moja nyuma, nukta nne kwenye rejeta. Akakaza. Akaushika mtaimbo kwa mkono mmoja, hata hakuwa tayari, krenki ikazunguka, laini, kama gurudumu la cherehani.

Hakushangilia. Alirudi kukaa kwenye ndoo. Alikuwa ameishi na baba yake nyumba moja maisha yake yote, wamekula viazi bakuli moja, na hakujua mtu yule anaanzia wapi kuhesabu. Hilo lilimsumbua kuliko injini.

Asubuhi ya Mtakatifu Marko trekta liliwaka, likatoa moshi mweupe kidogo, kisha likatulia. Gari la Bogumila lilipoingia, Zenon alikuwa tayari shambani, Hipolit amekaa nyuma kwenye mashine ya kupandia, anadondosha viazi na kulalamikia kiuno.

Teofil alishuka polepole. Alisimama ukingoni mwa shamba akiwa ameinamisha kichwa, anasikiliza.

"La nani hili?" aliuliza.

"Lako, baba," Zenon alisema, akilisimamisha mbele yake.

"Langu linagonga."

"Lilikuwa linagonga. Nimelitengeneza."

Mzee alilizunguka, akagusa bati la ubavuni, akaondoa mkono. "Si letu. Mrudishie mwenyewe."

Bogumila alimtazama baba, akamtazama Zenon, akamtazama Hipolit.

"Mzee Hipolit, ni lako?"

"Langu liko nyumbani, halijatoka ghalani."

"Umelikopa wapi, Zenon?"

"Dada, ni lile lile. Tazama kiti. Tazama kovu pale kwenye taa."

"Naliona. Baba anasema si letu."

"Baba anasema pia wewe ni mama."

Bogumila alilitazama lile kovu, na injini ikaendelea kunguruma bila kugonga. Kisha akavua viatu vyake vya mjini, akaviweka kwenye nyasi, akamwambia Hipolit ashuke apumzishe kiuno. Alikaa mahali pake, akaweka kapu la viazi magotini.

"Endesha," alisema.

Zenon alibaki shambani. Bogumila hakulitaja tena jambo la kukodisha, na alipostaafu alianza kuja kila kiangazi. Teofil alirudi Bialystok jioni ileile na hakutaka tena kuhama. Alipenda kulishwa kwa wakati na kutazama mpira. Alifariki baada ya majira mawili ya baridi, bila kukubali kwamba lile ni trekta lake. Bwana wa mahindi alikodi mashamba ya Hipolit, maana watoto wa Hipolit wako ughaibuni. Hipolit mwenyewe anakula kwa Zenon kila Jumapili. Trekta linalima.