Kilowati Arobaini za Fundi

Kwenye ukuta wa mashine ya kusaga ya fundi, kwa rangi nyekundu, herufi kubwa kama mlango, paliandikwa: KILOWATI 40. Aliandika mwenyewe juu ya ngazi, wiki ile mafuriko yalipoujaza mfereji na sindano ya kipimo cha umeme ikagusa arobaini, ikakaa hapo muda wa mtu kumaliza kikombe cha chai. Iligusa mara moja tu, haikurudi tena. Lakini nani hutundika sebuleni picha aliyopigwa akiumwa?

Basi mamlaka ya umeme ilipopeleka fomu kwa kila mwenye mtambo wa kijito, ikiuliza mtambo unatoa umeme kiasi gani, miezi mingapi kwa mwaka, na umegharimu nini kuujenga, fundi alijaza arobaini, miezi kumi na miwili, bila kupepesa macho. Gharama aliandika ya kweli, kwa sababu humo hamkuwa na sifa.

Mkewe alisoma juu ya bega lake. "Na kiangazi, baba watoto? Tunapomsagia mteja debe moja mpaka anasinzia?"

"Kiangazi hawajauliza."

"Wameuliza miezi."

"Wewe angalia unga wako, unamwagika."

Jirani anayekaa kwenye daraja la chini la kijito, naye ana mtambo, alikuwa ameandika thelathini na tano. Fundi angekubali kuzikwa mzima kuliko kuandika thelathini na nne.

Nguzo za gridi ya taifa zilipita ng'ambo ya barabara, hatua mia mbili kutoka mlangoni pake. Sheria mpya ilisema kila mwenye mtambo mdogo atauza umeme wake kwenye gridi kwa bei iliyopangwa, na bei hiyo haitaguswa kwa miaka ishirini. Hapo ndipo roho ya fundi ilipokuwa imening'inia. Bei ikiwa nzuri, benki itamkopesha fedha za waya, mita na bomba jipya. Ikiwa mbaya, ule mtambo alioutengeneza kwa miaka sita, kwa ekseli ya lori na vyuma chakavu, utabaki wa kusaga unga mpaka uote kutu.

Rasimu ya bei ikatoka. Kiduchu! Fundi aliitukana serikali tangu asubuhi mpaka chakula cha mchana, akala, akaendelea.

Siku tatu kabla ya mkutano wa kuipitisha bei hiyo, habari zikaja kwamba aliyeipanga anapita kwenye mitambo kwa miguu yake mwenyewe. Madereva wa ofisini kwake walimwita Mama Bei, na jina lilikuwa limemtangulia njiani. Fundi akafunga lango la bwawa lake dogo siku nzima ili maji yajae. Kesho yake alipomwona yule mwanamke mfupi anashuka kilimani, miwani imeshikizwa kwa uzi, viatu vimelowa tope, akalifungua lango lote. Maji yakanguruma. Sindano ikapanda mpaka thelathini na nane.

"Shikamoo, fundi."

"Marahaba, mama. Karibu ujionee. Sindano hiyo, haisemi uongo."

"Naiona. Hongera." Akapiga magoti kwenye ute wa grisi kama vile sketi si yake, akapitisha kidole kwenye vikombe vya gurudumu vinavyopigwa na maji, kimoja kimoja. "Hivi umevikata kwa mkono? Na mizani ya gurudumu ukaipataje, mbona mtambo hautetemeki? Nimeona mitambo iliyokuja kwenye makasha, na waraka wake, inatetemeka kama mwenye homa."

Miaka yote hiyo hakuna mgeni aliyewahi kuuliza swali hilo. Fundi alijikuta anaeleza, mikono hewani, akasahau kabisa kwamba huyu ndiye aliyekuwa akimtukana. Alipomaliza, mgeni akaomba kigoda.

"Cha nini, mama? Si umeshaona?"

"Nangoja maji yachoke."

Akakaa. Akanywa maji, akasifu unga, akaulizia watoto. Saa ya kwanza ikapita. Sindano thelathini. Fundi akaanza kukohoa kikohozi ambacho hakuwa nacho. Ishirini na nne. Ikashuka mpaka kumi na nane, ikatulia hapo kama ng'ombe aliyefika zizini.

"Na mwezi mkavu kabisa?" Mama Bei akauliza taratibu.

"Kumi," mke wa fundi akajibu kutoka mlangoni.

"Mama watoto!"

"Mficha uchi hazai, mume wangu."

Mama Bei hakucheka, na fundi alimshukuru moyoni kwa hilo. "Fundi wangu, ukilima shamba kwa gharama fulani ukavuna magunia arobaini, utaweza kuliuza kila gunia rahisi. Ukivuna kumi na nane kwa gharama ileile?"

"Lazima liwe ghali, la sivyo..." Fundi akautazama mtambo. Akaitazama sindano. "Ala! Bei ile nimeishusha mwenyewe?"

"Wewe na wenzako. Fomu sitini na mbili nimesoma, hakuna kijito hata kimoja kilichopungua maji. Nikajiuliza, hivi kiangazi chetu kimehamia wapi? Ndiyo maana nikavaa viatu."

"Basi irekebishe."

"Kwa kunong'onezwa siruhusiwi. Mwenye mtambo aseme mwenyewe, mkutanoni, ndipo tutapima upya. Na mmoja hatoshi, ila lazima mmoja aanze."

"Mbele ya jirani wa daraja la chini?"

"Atakaa mstari wa mbele, nadhani."

Ukumbi siku ya mkutano ulijaa viti vya plastiki na wanaume waliovaa mashati ya kutokea. Kipaza sauti kilipopita, fundi aliona mkono wake umeshainuka. Maji ukiyavulia nguo huna budi kuyaoga.

"Mimi niliandika arobaini," alisema. "Ni kumi na nane. Kiangazi, kumi. Arobaini ile ilikuwa mafuriko."

Kikasikika kicheko kutoka mstari wa mbele, kile kicheko cha jirani alichokifahamu. Kikaenda, kikakatika. Jirani akasimama, akajifuta uso kwa kiganja.

"Wangu hata kumi na mbili haufiki," akasema. "Nilisikia yeye ataandika arobaini."

Hapo ukumbi ukapasuka. Watu wakapanga foleni ya kuungama, wakisukumana. Mmoja akanogewa, akapaza sauti kwamba kwa udhaifu huo bei iwe mara tatu.

"Hapana," Mama Bei akasema, bila kupandisha sauti. "Umeme huu atakuja kuulipia bibi mwenye taa moja. Nitawapangia gharama yenu na faida ya mtu mstaarabu. Zaidi ya hapo siandiki." Yule akakaa. Fundi, ambaye kimoyomoyo alikuwa ameshaanza kuzidisha kwa tatu, akakaa naye, akamheshimu zaidi.

Vijito vyote vilipimwa upya, masika na kiangazi. Bei mpya ilikwenda kwa ukubwa wa mtambo, na umeme wa kiangazi ukapewa bei ya juu, kwa sababu ndipo mabwawa makubwa ya gridi huwa na kiu. Benki ikasoma karatasi, ikakubali.

Siku waya ulipovuka barabara, fundi alipanda ngazi na kopo la rangi. Mkewe alishika ngazi chini. Akafuta arobaini, akaandika kumi na nane, herufi kubwa vilevile.

Mteja mmoja akapita na debe lake kichwani. "Vipi fundi, mtambo umeugua?"

"Umepona," fundi akasema.

"Teremka basi unisagie," mteja akasema, "kabla haujarudi hospitali."

Mke wa fundi alicheka mpaka ngazi ikatikisika.