Bereti Nyeusi ya Herbert Ormerod

Asubuhi ya mazishi ya baba yake, Clifford Ormerod aliwahi kanisani akiwa na koti refu jeusi, na dada yake Edna akimfuata nyuma na bereti mkononi. Ilikuwa bereti nyeusi iliyochujuka ukingoni. Mbele yake palikuwa na beji ya shaba, kulungu juu ya waridi, beji ya rejimenti ya askari wa miguu ambayo Ramsclough nzima iliijua, maana karibu kila nyumba ilikuwa nayo kwenye fremu ukutani. Edna akaiweka juu ya jeneza na kuipangusa kwa kiganja.

Ndivyo mzee Herbert alivyotaka, azikwe nayo. Maua alisema hayataki.

Mzee Pilling, mwenyekiti wa chama cha askari wa zamani, akaingia na wenzake na bendera yao. Alikuwa sajini wa rejimenti hiyo hiyo na alipigana Burma. Alipofika kwenye jeneza akasita.

"Hii ni ya nani?"

"Ya baba," Clifford akajibu.

"Beji naitambua, ni yetu. Lakini sisi bereti nyeusi hatukuvaa hata siku moja. Nyeusi ni ya watu wa vifaru, na wao wana beji zao, ngumi ya chuma au kifaru chenyewe. Huyu marehemu alikuwa wapi hasa?"

"Alikuwa kwenye vifaru," Edna akasema. "Na alikuwa rejimenti yenu."

"Dada yangu, chagua moja. Mtu hawezi kuwa jogoo akawa bata pia."

Mmoja wa wale wazee akacheka kwa pua. Pilling akashusha sauti, lakini kanisa lile lilikuwa na mwangwi.

"Simwiti mtu mwongo. Baada ya vita wengi walijiokotea vitu sokoni wakavichanganya. Ila siwezi kuiinamisha bendera mbele ya kitu cha kuungaunga. Iondoeni tumzike kwa heshima."

"Haikuungwaungwa, walipewa hivyo hivyo," Edna akasema, kisha akanong'ona, "Cliff, sema kitu."

Watu kwenye viti walikuwa wamegeuza shingo. Clifford alikuwa naibu meneja wa benki mjini pale, na nusu ya nyuso zile alizihudumia kila wiki. Masikio yakamwaka moto.

"Nyamaza, Edna," akasema. Akaichukua bereti kwa mkono wake mwenyewe, akaikunja, akaitia mfukoni mwa koti.

Hakubishana kwa sababu moyoni aliamini Pilling anasema kweli. Aliamini hivyo tangu utotoni. Alipokuwa na miaka kumi na miwili alijitapa shuleni kwamba baba yake aliendesha kifaru Normandy. Mwenzake mmoja akaja na picha za beji, zile zilizokuwa zikitoka kwenye pakiti za sigara, akamwonyesha kulungu na waridi, na chini yake maandishi: askari wa miguu. Kuanzia siku ile wakawa wakimwita mtoto wa dereva wa kifaru cha maboksi. Clifford akaenda nyumbani na ile picha, akaitupa mezani mbele ya baba yake. Herbert akaitazama, akacheka.

"Ndiyo, ni ya askari wa miguu. Hebu kaa nikwambie ilivyokuwa—"

"Basi, baba. Usiongezee mengine."

Akatoka nje. Herbert hakumsimulia tena habari za vita, na Clifford alikichukulia kimya kile kuwa ndiyo ungamo lenyewe.

Makaburini, jeneza lilikuwa limeshashushwa na koleo za kwanza za udongo zimeshaanguka, ndipo gari dogo liliposimama getini. Akashuka mzee mwembamba mwenye fimbo, akapanda mteremko mbiombio akihema. Kichwani alikuwa na bereti nyeusi, na kwenye bereti kulungu juu ya waridi.

Mzee akasimama wima ukingoni mwa kaburi, akapiga saluti, kisha akageuka.

"Mnisamehe, nimepotea njia. Mimi ni Stanley Entwistle, natoka Accrington. Nilikuwa mpiga mzinga kwenye kifaru cha Bert, huyu Herbert wenu."

Pilling akakohoa. "Bwana, hiyo beji na hiyo bereti..."

"Ah, na wewe!" Stanley akatabasamu. "Kila mtu huniuliza. Ulikuwa batalioni ipi?"

"Ya kwanza. Burma."

"Ndiyo maana. Sisi tulikuwa ya tisa. Mwaka arobaini na moja wakatuambia askari wa miguu wametosha, wanahitajika watu wa vifaru. Batalioni nzima, kuanzia kanali mpaka mpishi, ikapewa namba mpya na bereti nyeusi. Ila beji ya nyumbani tukaachiwa. Hatukuwa peke yetu, rejimenti kadhaa zilifanywa hivyo hivyo. Ukiona bereti nyeusi na beji ya askari wa miguu, ujue ndio sisi. Halafu vita havijaisha wakatuvunja, wakatutawanya kwenye vikosi vingine. Nani atatukumbuka?" Akachungulia kaburini. "Bert alipoambiwa abadilishe beji alikataa. Wakamtia ndani kwa ajili hiyo. Bereti yake mmemzika nayo, eti?"

Mkono wa Clifford ulikuwa mfukoni, umeishika.

"Ndiyo," akasema.

Edna alimtazama kama mtu asiyemjua.

"Vizuri sana," Stanley akasema, machozi yakimlengalenga. "Kila Krismasi aliniandikia, Stan, hii naondoka nayo."

Walikwenda ukumbi wa kanisa kunywa chai. Kulikuwa na mikate ya nyama ya nguruwe na keki za zabibu kavu. Pilling akamjia Clifford, uso umemshuka.

"Nimekosa, kijana. Nakwenda kumwambia yule mzee."

"Usimwambie. Nimeshamdanganya."

"Basi wewe una mzigo mzito kuliko wangu."

Clifford akavuka ukumbi. Akaitoa bereti na kuiweka mezani kando ya kikombe cha Stanley. Mzee akaikodolea macho.

"Nani aliiondoa?"

Pilling alikuwa amefika nyuma yao na kufungua mdomo, lakini Clifford akamtangulia.

"Mimi."

"Kwa nini?"

"Nilimwonea aibu."

Stanley akaigeuza bereti, akapitisha kidole kwenye mshono wa ndani.

"Mimi aliniandikia habari zako tu," akasema. "Una akili, uko benki, unavaa tai. Kuwa unamwonea aibu hakuniandikia. Labda hakujua."

"Alijua," Clifford akasema.

"Basi usiniombe mimi radhi. Wa kukusamehe mmetoka kumfukia sasa hivi."

Akainuka na kuiacha chai yake. Akampa Edna mkono, akatoka. Pilling akamkimbilia mvuani bila kofia, wakasimama wawili kando ya gari, Pilling akizungumza na mwenzake akiangalia chini. Mwishowe Stanley alimgusa bega, akaondoka.

Jioni Clifford akarudi kaburini pamoja na Edna. Wachimbaji walikuwa wameshamaliza na udongo umeshindiliwa. Alisimama na bereti mkononi, asijue aiweke wapi, na mvua inanyesha.

"Nipe," Edna akasema. "Itaoza hapo. Itakaa kwangu."

Akampa. Wakaingia kwenye gari, na kwa muda mrefu Clifford hakuwasha injini.

"Wewe ulijuaje?"

"Nilimuuliza."

"Lini?"

"Mara nyingi tu, Cliff. Alikuwa anapenda kuulizwa."