Jerikani Kumi na Mbili

Siku ya sita tangu helikopta ianguke Makindye, Nashon alimtuma mkewe aniambie kwamba maharagwe yangu yana chumvi nyingi.

Alikuwa mahabusu, na mimi ndiye niliyekuwa nampikia. Phelister, mkewe, alikuwa anakuja kwangu Kawempe kila siku saa tano kuchukua chombo, ananiita dada wa kweli, kisha anapanda boda kukipeleka kituoni.

"Jumatatu wanampeleka mahakamani," aliniambia siku hiyo. "Wanasema alifunga hema vibaya, ndiyo watu wawili wakafa. Nashon! Mtu anayefunga hata kamba za viatu mara mbili!"

"Nitapunguza chumvi," nilisema.

Nashon ni Mkenya, anakodisha mahema. Mimi ni Mnande, mkimbizi kutoka Butembo, napika kwenye sherehe. Siku ya ajali tulikuwa na kazi ya utambulisho, pale kijana anapokwenda kujulishwa kwa wazazi wa binti. Wengine huja na msafara wa magari. Huyu alikuja kwa helikopta, ingawa nyumba yake iko kilima kinachofuata.

Mama wa binti alikuwa na nyasi. Zilikatwa kwa mkasi, na alikataza mtu yeyote asizichomeke vigingi. Kwa hiyo Nashon alifunga kila mguu wa hema kwenye jerikani ya lita ishirini iliyojaa maji. Miguu kumi na miwili, jerikani kumi na mbili. Alipomaliza alinifuata jikoni.

"Dada Kavugho, kunywa chochote unachotaka, hata soda za wakwe. Maji ya hema usiguse."

"Niguse maji yako nina wazimu gani?"

Saa saba helikopta ilitua. Kofia mbili ziliruka, kiti kimoja kikaanguka, hema likabaki mahali pake. Wageni walimpigia Nashon makofi. Rubani, Oyat, alikuja moja kwa moja jikoni kuuliza kuna chakula gani.

Bomba lilikuwa limekauka tangu Alhamisi. Maji ya tangi yaliisha saa nane, maana wageni mia tatu walinawa mikono. Senga, shangazi wa binti, ambaye siku kama hiyo ndiye serikali, akasimama mlangoni.

"Chai iko wapi?"

"Hakuna maji, Senga."

"Mimi sijauliza maji. Wakwe hawaondoki hapa bila chai. Watasema tumewanyima."

Akaenda zake. Nilitazama hema. Hakukuwa na upepo hata wa kuzima kiberiti. Nilichukua beseni nikaanza na miguu ya nyuma, ambako hakuna aliyekuwa anaangalia. Nilimimina jerikani tisa, sita za chai na tatu za kuosha vyombo. Niliziacha zimefungwa pale pale na vifuniko nikavirudisha, kwa sababu mimi si mchafu. Nilipanga kuzijaza maji yakirudi.

Chai ilisifiwa. Oyat alikunywa vikombe viwili. Nashon alikunywa vitatu, akaniuliza maji nimeyatoa wapi.

"Mungu ametoa," nilisema.

"Amina," alisema Nashon.

Saa kumi Oyat aliruka na mpiga picha, aliyetaka kuupiga umati picha kutoka juu. Watu walitoka chini ya hema ili waonekane. Hema nalo likatoka. Liliinuka upande mmoja, likakata kamba, likapanda, likajisokota kwenye pangaboi dogo la mkiani. Helikopta ilizunguka mara mbili, ikaangukia migomba ya jirani na kushika moto. Wanaume walikimbilia jerikani za nyuma zilizobaki chini ili wazime. Kila aliyeshika moja akaikuta tupu, akadhani mwenzake ameshaimwaga. Miili ya Oyat na mpiga picha ilipelekwa hospitali ya Mulago.

Uchunguzi alipewa mama mmoja anayeitwa Abalo, mpole, mwenye penseli mbili. Aliwaita watu mmoja mmoja akawauliza swali moja. Hema lilistahimili helikopta saa saba. Saa kumi halikustahimili helikopta ile ile. Ni nini kilibadilika? Mshereheshaji alisema ni muziki. Mjomba wa kijana alisema wakwe walikuwa wameanza kununa. Senga alisema binti alibadilisha nguo mara tatu, akazitaja rangi zake. Abalo aliandika yote. Polisi hawakuwa na swali. Wao walikuwa na Nashon.

Mimi sikuitwa. Mpishi huitwa watu wakiumwa tumbo.

Kesho yake, Jumamosi, Phelister alipofika nilimwambia leo chakula nitakipeleka mwenyewe. Abalo alikuwa amepewa chumba kituoni hapo hapo. Nilipita mlango wa mahabusu nikaenda kwenye mlango wake. Konstebo Obwona alinizuia.

"Chakula cha mahabusu ni mlango wa kwanza, mama."

"Sikuleta chakula, afande."

Alitazama chombo.

"Nimeleta na chakula," nilisema.

Abalo alikuwa na mchoro wa hema mezani, na miguu yake kumi na miwili.

"Mimi ndiye mpishi," nilimwambia. "Kilichobadilika ni chai."

Aliandika "chai" chini ya nguo za binti. "Eleza."

Nilieleza. Nilipofika kwenye jerikani tisa aliacha kuandika, akanisogezea mchoro. Nilimwonyesha kwa kidole moja baada ya nyingine, naye akatia alama. Tatu zilizobaki na maji zilikuwa zote upande wa barabarani.

"Hema likafunguka kama kifuniko," alisema, wala hakuwa anasema na mimi. Kisha akapekua makaratasi. "Watu kumi na mmoja wameniambia jerikani zilimwagwa kwenye moto."

"Hawakudanganya, madam. Walizikuta tupu."

Aliweka penseli chini. "Mama, sikia hili swali vizuri kabla hujajibu. Ulijua yale maji yanashikilia hema?"

Obwona alinitazama kutoka mlangoni. Hata yeye alijua jibu la kunifaa. Mpishi anaona maji, anapika, nani atamlaumu? Nina kadi ya ukimbizi na watoto watatu. Ningesema sikujua, ningerudi nyumbani mchana ule ule. Lakini kama mimi sikujua, basi Nashon hakunionya, na kosa lingerudi kwake likiwa jipya.

"Nilijua," nilisema. "Nashon aliniambia nisiguse. Nikamjibu nina wazimu gani."

"Niandike hivyo?"

"Andika. Na hilo la wazimu."

Aliandika, akanisomea, nikatia sahihi. Abalo alisema nikakae kwenye benchi ya nje mpaka wakubwa waseme watanifanya nini. Obwona alinisindikiza hatua nne na kuniambia nisitoroke.

Saa nane wakamtoa Nashon. Viatu vyake vilikuwa vinaburuzika, kwa sababu walimrudishia bila kamba.

"Dada Kavugho. Wamesema niende. Hawasemi kwa nini."

"Chai," nilisema. "Maji ya chai yalikuwa ya hema. Nimewaambia."

Alisimama pale. Nilimwona anahesabu.

"Siku saba nimelala kwenye sementi," alisema.

"Najua."

"Mimi nilikunywa vikombe vitatu."

"Na Oyat viwili."

Mbele yetu askari wawili walikuwa wanabishana nani alihamisha kiti. Nashon alikitazama kile chombo magotini mwangu, akakichukua, akaketi mwisho wa benchi, mbali nami. Alifungua akaonja. Sikumuuliza kuhusu chumvi.

"Wewe," Obwona alimwambia, "wewe uko huru. Nenda nyumbani."

"Nakula, afande," alisema Nashon. Kisha akakiweka chombo katikati yetu.