Vifungo vya Kadi ya Idd

Sanduku lilikaa miaka mitatu katika ghala la boma la Garissa, chini ya magunia ya mahindi ya serikali. Mke wa ofisa Mzungu wa mwisho ndiye aliyeliacha: vifungo, sindano zilizoshika kutu, nyuzi, lastiki, karatasi za rangi zilizoliwa pembeni na mchwa. Maka, aliyekuwa akifagia ghala hilo, aliliomba akapewa. Hakuna mwingine aliyelitaka.

Desemba 1966 alilipeleka manyatta, kijiji kilichozungushiwa seng'enge, ambamo watu walikusanywa ili wasiwalishe mashifta, waasi wa msituni. Waume wa wanawake kadhaa walikuwa kizuizini huko bara, na amri ilikuwa wazi: hakuna barua, hakuna kifurushi. Kila mfungwa aliruhusiwa kadi moja ya Idd, basi.

Maka alikuwa mshonaji, na pambo lisilofaa kitu halikumpendeza. Mzee mmoja aliyeachiliwa mwezi wa saba alikuwa amemweleza kwamba kule kambini watu hufunga mashati yao kwa vijiti, na kwamba uzi hutafutwa kuliko sabuni. Basi akawaonyesha wanawake namna. Katikati ya ua la karatasi lililobandikwa kwenye kadi, kifungo. Shina, uzi mrefu usiokatwa, ili mtu aufumue autumie. Ukingo wa kadi, lastiki. Mkaguzi angeona maua tu.

Faduma, mke wa Bare, alishona vifungo sita.

"Sita!" Sadiyo, jirani yake, akamcheka. "Huyo Bare ana shati au ana hema?"

"Ana tumbo. Wako wewe amebaki mbavu, kimoja kitamtosha."

Walicheka wote, hata Maka. Hawakuwa wamecheka hivyo tangu ng'ombe wao walipochukuliwa.

Machi kadi ya Faduma ilirudi. Jina la Bare lilikuwa limepigwa mstari mwekundu, na vifungo vyote sita havikuwepo. Faduma alikuja mbio hadi kwa Maka, shangazi yake.

"Eddo, amevitoa! Tazama, amevitoa vyote! Yuko hai, wamemhamisha tu."

Maka aliipeleka kadi mwangani. Palipokuwa na vifungo pamebaki ncha za uzi, zimekatwa sawasawa kwa mkasi au wembe. Mfungwa haachiwi chuma. Tena mashina yalikuwa mazima, na lastiki ilikuwa pale pale. Aliyevichukua vifungo alikuwa na mkasi, na uzi hakuuhitaji.

"Niachie hii hadi kesho," alisema.

Kutoka manyatta kwenda boma kulihitaji kibali. Faduma alikuwa amekiomba mara nne, akanyimwa. Maka alikuwa nacho kwa sababu ya ufagio wake.

"Mama Vifungo," karani alimlaki asubuhi. "Umefuata sanduku jingine?"

"Nimefuata mtu. Bare Awil. Yuko wabi?"

"'Wabi' ndiyo nini, mama?" karani aliikejeli lafudhi yake ya Kisomali.

"Yuko wabi," Maka alirudia, bila kubadilisha herufi.

Karani alivuta faili, akashusha kidole kwenye orodha. "Alikufa. Tarehe tisa Septemba, homa ya matumbo."

"Mbona hamkusema?"

"Orodha ililetwa mwezi wa kumi. Hakuna aliyekuja kuliulizia jina hili."

"Kadi zilibita mezani kwako Desemba."

"Kadi nilizihesabu, mama. Kusoma majina haikuwa kazi yangu."

Maka alimweleza Faduma mambo mawili, moja baada ya jingine: kwamba Bare hakuigusa ile kadi, na tarehe. Faduma aliomba nguo nyeupe. Mjane wa kwao huvaa nyeupe miezi minne na siku kumi.

Walikwenda kwanza kwa Maalim Issack, awapangie siku. Mzee aliuliza tarehe ya kifo mara mbili, akahesabu miezi kwa vidole.

"Eda huanza siku ya kufa, si siku ya habari," alisema taratibu. "Yako ilikwisha siku ya tatu ya Idd. Huna ya kukaa, binti yangu. Umekwisha kuikaa."

"Siku hiyo nilikuwa na hina mikononi."

"Hukujua. Huna dhambi."

"Sikuulizia dhambi, maalim. Nataka siku zangu."

Maalim Issack aliinua tena mkono wake, akaanza kuhesabu upya tangu mwezi wa kwanza, kidole kwa kidole, akafika pale pale.