Plasta Kwenye Kaseti

Alphonce akipokea santuri mpya, nyumba nzima pale Ujiji lazima ijue. Ananawa mikono kwa sabuni, anaifuta meza, anakata nailoni kwa wembe taratibu, kisha anaipeleka santuri dirishani kuikagua mwangani. Mpwa wake Feliksi, anayeishi Ubelgiji, humtumia moja moja akipata mtu wa kumbebesha. Zote ni za aina moja: roki ya glamu, ya wale Wazungu wa miaka ya sabini waliojipaka wanja, wakavaa suti za kumetameta na viatu vyenye visigino vya kuvunjia miguu. Ni albamu za zamani, zilizosafishwa sauti na kuchapwa upya. Rafu nzima sebuleni ilikuwa yao, na hakuna mtu aliyeruhusiwa kuzigusa.

Scola, mkewe, alikuwa ameshazoea. Yeye aliuza mawese sokoni na ndiye aliyeilisha nyumba hiyo tangu Alphonce astaafu bandarini. Wanaume wengine wana pombe, alijisemea, wangu ana Wazungu wenye rangi ya mdomo. Akaliacha liwe hivyo.

Jumamosi moja mchana, Telesphory, rafiki wa Alphonce tangu ujana, alikuja kusikiliza santuri iliyofika wiki ile. Alphonce akaanza mahubiri yake. Kitu kilichorekodiwa hakipotei, alisema, mradi kanda ya kwanza ya studio ipo. Hata ipite miaka hamsini, wataitoa stoo, wataisafisha, watu wataisikia kama imeimbwa jana. Na ili Telesphory aone tofauti, akachomoa kwenye boksi kaseti kuukuu aliyorekodia albamu hiyohiyo zamani, akaiweka kwenye redio kaseti. Sauti ilikuwa na mikwaruzo, wakacheka. Wimbo wa mwisho ukaisha, na wazee wale wakawa wameshahamia kwenye ubishi kuhusu mpiga gitaa. Hakuna aliyeizima redio.

Scola alikuwa akiweka vikombe mezani aliposikia mtu anakohoa ndani ya redio. Kisha sauti ya mwanamke, kwa Kiha, ikamuuliza Martini kama hicho chombo bado kinamsikia. Halafu kaseti ikafika mwisho na kitufe kikaruka.

Ilikuwa sauti ya mama yake. Alphonce hakuisikia, alikuwa katikati ya kumkatiza mwenzake. Scola akamimina chai, hata tone halikumwagika, akarudi jikoni akakaa chini sakafuni.

Mama yake alifia kijijini Kidahwe mwaka ambao Scola alijifungua Happiness. Alijifungua kwa kisu, hakuweza kwenda kumuuguza wala kumzika. Kaka yake Martini akamrekodi mgonjwa akiwaaga watoto wake mmojammoja kwa jina, akamletea Scola ile kaseti. Kwa Scola, hayo ndiyo yalikuwa maziko yote. Aliisikiliza akinyonyesha, akaifunga kwenye kanga, na siku moja akafungua kanga akakuta hamna kitu.

Wakati huo Diana, mdogo wake, aliishi nao akimsaidia kulea. Alphonce alisema yeye hamsingizii mtu, ila alimwona Diana akihangaika na redio, na wasichana wa siku hizi huuza kaseti kwa vijana wa mjini. Diana alipiga magoti jikoni akaapa kwa jina la mama. Scola alimtupia nguo zake nje. Tangu siku hiyo, robo karne, ndugu wawili wa tumbo moja hawajasalimiana, na Diana yuko hapo Mwandiga tu, anashona nguo.

Telesphory alipoaga na Alphonce akatoka kumsindikiza, Scola aliitoa ile kaseti kwenye redio. Mgongoni mwa kaseti kuna vijino viwili vya plastiki. Ukivivunja, kitufe cha kurekodi hakibonyezeki tena. Martini alivivunja vyote kwa mkono wake ili maneno ya mama yasiguswe na mtu. Na sasa matundu yale yalikuwa yamezibwa kwa plasta, ile ya kufungia kidonda, imekatwa vizuri kwa mkasi. Kwa hiyo Alphonce hakupitiwa, wala hakudhani ni kaseti tupu. Alijua, akaenda kutafuta plasta.

Hasira iliyompanda Scola haikuwa ya kupiga kelele. Alikodolea macho rafu ya santuri, akafikiria jua la nje, jinsi lingezikunja zote kabla jamaa hajarudi. Kisha akaona huo ni upuuzi. Feliksi angetuma nyingine. Wazungu wale wana kanda zao stoo, wataimba mpaka Kiyama. Alitaka kitu cha Alphonce ambacho hakina stoo popote.

Kilikuwepo, tena alijua kilipo. Ujanani Alphonce na Telesphory walikuwa na bendi iliyopiga kumbi za Kigoma, wamejipaka wanja na kushonea vipande vya kioo kwenye mashati kama wale Wazungu. Walirekodi nyimbo nne tu, kaseti moja, upande mmoja. Studio ilishakufa na wenzao wawili wamekufa. Alphonce aliitunza kaseti hiyo ndani ya soksi, akaisikiliza kila sikukuu, na kwenye wimbo wa nne, anaoimba yeye peke yake, hulia waziwazi. Vijino vyake navyo vilikuwa vimevunjwa.

Scola akaibandua plasta kwenye kaseti ya mama, akaibandika kwenye ile ya bendi. Ilikuwa imekauka, lakini ilishika. Akaiweka redioni, akairudisha mwanzo, na aliposikia kandambili za mumewe uani akabonyeza kitufe cha kurekodi na kuifunika redio kwa kitambaa cha meza. Aliapa moyoni kwamba atakuwa mwadilifu. Akisema kweli mara moja, nitaizima papo hapo, atapoteza nusu wimbo. Akidanganya, atajifutia nyimbo zake mwenyewe.

"Baba Happiness," alisema, "ile kaseti ya mama, unadhani ilikwenda wapi?"

Alphonce alikaa akavua kandambili. Alishangaa mambo hayo yametoka wapi leo. Si Diana, akasema, si tulishayamaliza. Scola akamwomba amkumbushe. Naye akamkumbusha kwa raha zote: jinsi alivyomkuta Diana na redio, jinsi msichana alivyotoa macho, hata kijana mmoja wa Mwanga aliyekuwa akija kumpigia miluzi, ambaye Scola hakuwahi kumsikia mpaka siku hiyo. Aliongeza hata rangi ya shati la huyo kijana. Wimbo wa kwanza ukaisha hivyo, na Scola, anayezijua nyimbo hizo kwa kuzisikia akipika, akasikia kichwani wa pili unaanza.

Alimuuliza kama ana hakika. Alphonce akasema kama si Diana basi ni panya. Akaeleza kirefu tabia za panya. Scola alimtazama mdomo unavyokwenda na akajisikia vizuri, vizuri kabisa, kama mtu aliyevua kiatu kinachobana. Hakumhurumia hata kidogo.

Wimbo wa tatu ulipokuwa ukielekea kuisha, akaiweka kaseti ya mama mezani, matundu juu.

Alphonce aliitazama kwa muda mrefu. Akasema labda aliichukua bila kujua, giza lilikuwepo, umeme ulikatika. Scola akasema umeme ukikatika huwezi kurekodi. Halafu yule mzee akajifuta uso na kusema ile albamu ilikuwa ya mgeni aliyekuwa anaondoka na meli jioni ileile, na ndani hakukuwa na kaseti nyingine. Aliona vijino vimevunjwa. Alidhani maneno mengine ya mama yangebaki upande ule wa pili, na alipokuta upande wa pili ni mtupu alikuwa ameshamaliza. Kisha Diana akashikwa, naye akaona aibu ya kusema.

"Ukamwacha aende," Scola alisema.

"Nikamwacha."

Kitufe kikaruka chini ya kitambaa. Alphonce aliusikia mlio huo kabla ya kuuelewa. Akakivuta kitambaa, akafungua redio, akaona mwandiko wake mwenyewe kwenye kaseti, akaigeuza akaiona plasta. Alifungua kinywa kama anayetaka kuimba.

"Ungesema mwanzoni ningekuachia tatu," Scola alimwambia, akaichukua kaseti kutoka mkononi mwake. Hakupata upinzani wowote.

Kesho yake aliibeba redio mpaka Mwandiga. Diana alikuwa barazani kwake na cherehani, amenenepa, amevaa miwani, amefanana na mama kiasi cha kumfanya Scola ashike nguzo. Diana alimwamkia shikamoo, akampa kiti. Scola akaweka ile kaseti ya bendi redioni, akaiwasha.

Diana alisikiliza yote: miluzi, panya, umeme, mpaka lile neno la mwisho. Hakulia. Scola alikuwa amejiandaa kwa machozi, alikuwa hata amekuja na kanga ya kumfuta. Akasema amemlipizia, na kwamba Alphonce hajala tangu jana.

"Nimesikia, dada," Diana alisema. "Kosa la shemeji umelimaliza wewe na yeye. Lakini shemeji alidanganya tu. Si yeye aliyetupa nguo zangu nje."

Scola akasema alidanganywa.

"Mimi niliapa kwa jina la mama, ana wiki tatu kaburini. Yeye alisema aliniona na redio. Ukapima, ukaona mume ana uzito kuliko mimi."

Alisema hayo kwa upole, bila kupandisha sauti. Kisha akaitoa kaseti, akaiweka kwenye mtoto wa meza ya cherehani, akaichomoa redio na kuuzungusha waya wake vizuri ili dada yake asije akajikwaa nao njiani kurudi Ujiji.