Tundu kwenye Mfuko wa Simu

Simu ya mama mkwe ilivaa vizuri kuliko watu wengi wa mtaa ule. Mwanawe wa kwanza alipomtumia simu hiyo, mama, hata kabla hajajua inawashwa wapi, alitafuta kitambaa cha kahawia chenye maua madogo akaishonea mfuko wa kuibana kabisa, wenye bitana ndani na utepe ukingoni. Mbele aliweka kifuniko cha kufungua kwa kifungo, ili aone anayepiga. Nyuma aliziba kote.

“Mimi siwezi kukaa na kitu uchi nyumbani kwangu,” alisema.

Picha alizopiga tangu siku hiyo zilikuwa nyeusi tititi, naye akatangaza kwa kila mteja kwamba simu za siku hizi hazina kamera, zina sifa tu.

Mtaani walimwita Fundi Pindo, kwa sababu pindo lake hata ulipapase vipi hupati lilipoanzia. Chumba cha mbele kilikuwa chake: cherehani dirishani, makopo ya vifungo, meza ya kukatia, na vipande vya nguo vinavyokufuata miguuni hadi jikoni. Msaidizi wake alikuwa mke wa mwanawe wa pili, binti aliyeishia darasa la saba, ambaye mama mkwe mwenyewe alimpa jina la Kimya. Kimya alipiga pasi, alikaza vifungo, alifumua palipokosewa. Maneno hakuwa nayo mengi. Macho ndiyo alikuwa nayo.

Na macho hayo yaliona. Yaliona mama mkwe akikataa vitambaa vyeusi kwa madai kwamba vinaleta joto. Yaliona akitunga uzi kwenye sindano kwa kupapasa, ulimi nje, kisha akisema uzi wa siku hizi ni laini mno. Miwani aliwahi kununua. Siku ya pili akaikalia, ikavunjika, akaomboleza sana. Kimya alikuwa mlangoni siku ile, akaona jinsi mama alivyoitazama kwanza pale kitini, akashusha pumzi, ndipo akakaa.

Sasa palikuwa na gauni la harusi. Si la mteja, la binti wa mwisho wa nyumba ile, wifi yake Kimya, ambaye tangu akiwa mgongoni mwa mama yake aliahidiwa kwamba siku yake ikifika atavalishwa na mkono uleule. Siku ilikuwa Jumamosi. Gauni lilikuwa jeupe, uzi mweupe, na mgongoni kuanzia shingoni hadi kiunoni palitakiwa mstari wa vifungo vidogo kama punje za mtama, kila kimoja na tundu lake la kushonwa kwa mkono.

Mishono ya gauni lile ilikuwa imeanza kutembea kama mtu aliyelewa. Kila alasiri mama alipokwenda kuoga, Kimya alifunga mlango, akafumua palipopinda, akashona upya akiiga mkono wa mama, akafungua mlango, akakaa kama hajagusa kitu.

Lakini matundu ya vifungo hakuyaweza. Huo ulikuwa ufundi wa mama peke yake.

Jumatano asubuhi wifi alikuja kujaribu gauni. Alizunguka mbele ya kioo mara hii na ile, mgongo wazi.

“Mama, na vifungo?”

Mama alijishughulisha na pini. “Mwanangu, mkono unaniuma. Naona mlipeleke dukani kule wakamalizie. Wana mashine ya matundu.”

Wifi aliacha kuzunguka. “Dukani?”

“Wanashona vizuri tu.”

“Mama, si ulisema—”

“Najua nilivyosema.”

Uso wa wifi ulishuka. Akavua gauni polepole, akalikunja, akasema atapita kulichukua jioni. Alipotoka hakuaga kwa utani wake wa kila siku. Mama alikaa akishika mkono wake wa kulia, mkono uleule ambao alfajiri ulikuwa umekamua blanketi mbili nzito mpaka zikalia.

Kimya akapiga moyo konde.

“Mama, naomba simu yako.”

“Yako imekufa?”

“Yangu kamera yake imepasuka. Naomba yako, tena nje ya mfuko.”

“Uivue nguo? Mchana kweupe?”

“Mara moja tu, Mama. Halafu kaa hapa na gauni.”

Kimya alikuwa na tabia moja: kitu chochote chenye maandishi alikisoma mpaka mwisho, hata karatasi ya kufungia vitumbua. Simu yake alikuwa ameisoma hivyohivyo, upande ule wa mipangilio ambako wengi hawagusi wakiogopa kuharibu, mstari kwa mstari, akibonyeza na kubonyeza tena aone kinachotokea. Akaivua simu ya mama. Jicho la nyuma lilikuwa limeshika mafuta ya cherehani na nyuzi za bitana, akalifuta kwa kitambaa safi mpaka likang’aa. Akapanga makopo mawili ya vifungo mezani, akalaza rula mbili juu yake, na simu juu ya rula, jicho likitazama chini. Akaiweka kama anayetaka kupiga video, ili tochi iwake isizimike. Akatandaza vidole viwili kwenye kioo, akavuta picha ikue.

“Tazama hapo.”

Mama aliinama. “Naona mwanga tu. Jua lililochomoza ndani ya maziwa.”

“Subiri kidogo.” Kimya aliingia kwenye mipangilio, akagusa pale pa kugeuza rangi.

“Yesu na Maria! Umelitia masizi gauni la mwanangu!”

“Inua kichwa, Mama. Litazame lenyewe.”

Mama akainua kichwa. Gauni jeupe pe. Akainamia kioo. Gauni jeusi. Akainua tena, akainama tena, kama kuku anayekunywa maji. Kisha akatulia. Ndani ya ule weusi, vivuli vya uzi vikiwa vimegeuka mwanga, mshono ulijitokeza wazi, kila mchomo mahali pake, mnene kama kamba.

“Nauona,” alisema taratibu. “Kimya, uzi nauona.” Akaingiza kidole chini ya simu. “Na hiki ni kidole changu? Mbona kama gogo?”

“Chako, Mama.”

“Kumbe ndicho kimekaa hivi, na mimi natembea nacho mbele za watu!”

Akashika sindano. Mwanzoni mkono ulikwenda kule, macho huku, akajichoma, akaisonya simu. Akajaribu tena. Tundu la kwanza likatoka, dogo, ukingo umejaa, halina unywele wa uzi. La pili. Alipokuwa katikati ya la tatu simu ikalia na uso wa wifi ukafunika kila kitu.

“Mtoe huyo bibi harusi juu ya sindano yangu!”

Kimya akakata simu. “Naiweka hali ya ndege.”

“Isije ikaruka.”

“Itanyamaza tu, Mama.”

Wakacheka. Mama akashona huku akiimba puani, jambo ambalo Kimya hakulisikia tangu ile miwani. Alipomaliza mstari mzima hakutaka kutoka. Akaanza kulipitisha gauni zima chini ya simu, akikagua, bega, kwapa, kiuno, akijisifu njia nzima. Hilo Kimya hakulifikiria.

Kiunoni, mama akaacha kuimba.

“Huu si mkono wangu.”

Kimya akaanza kuokota pini sakafuni.

“Mimi nikifika mwisho narudi nyuma, nauzika uzi ndani. Hapa kuna fundo. Na hapa fundo.” Akasogeza kitambaa. “Na hapa tena. Nani ameingia kwenye gauni langu?”

“Mimi, Mama.”

“Tangu lini?”

“Tangu miwani.”

Kimya alitazama vidole vyake. Alijua alichokifanya: alimfumua fundi nyuma ya mgongo wake, na hakuna fundi anayependa hilo.

Mara mabega ya mama yakaanza kutikisika. Kimya akadhani analia. Kumbe ni kicheko kilichokosa njia, na kilipoipata, tondoo, ile kofia ya chuma ya kukingia sindano, ilimtoka kidoleni ikabingirika hadi mlangoni.

“Na mimi kila asubuhi nalipapasa gauni najiambia, mama wee, mkono bado ninao! Nimejisifu kwa mishono ya watu!” Akafuta machozi kwa kipande cha bitana. “Wewe binti ni mwizi wa aina gani, unaiba makosa?”

“Nisamehe, Mama.”

“Sitakusamehe kabla hujajua kuficha fundo. Mafundo makubwa kama viazi! Sogea hapa.”

Kimya akasogea. Vichwa vikagongana juu ya simu, wakarudi nyuma wakicheka, wakainama tena. Mama akamwongoza mkono: rudi nyuma, piga mchomo, vuta, zika. Fundo la kwanza likafumuliwa, la pili, la tatu. Walipofika lile la mwisho la kiunoni, upande wa ndani, mama akazuia mkasi kwa kiganja.

“Hili liache. Halionekani na mtu asiye na simu.”

Wifi alikuja jioni na mfuko wa kubebea, uso bado chini. Akakuta gauni limetundikwa, mgongo umefungwa vifungo hadi shingoni. Akapitisha kidole juu yake kuanzia juu hadi chini.

“Duka gani hili?”

“Duka la mama yako,” alijibu mama bila kugeuka. “Na Jumatatu mimi na wifi yako tunakwenda kupima macho. Miwani nitakayopewa, mtu asinisogezee kiti.”

Alikuwa ameinamia kazi nyingine chini ya simu, ile mbovu ya Kimya safari hii, picha ikipitia kwenye ufa lakini ikipita. Alikuwa akitoboa mfuko wa kahawia wenye maua, upande wa nyuma, tundu moja la kifungo, la mviringo, lililoshonwa ukingo kwa uzi mwekundu.

Jumamosi simu ilikwenda harusini imevaa, jicho nje. Picha ya kwanza ya mama ambayo haikutoka nyeusi ilikuwa ya bibi harusi, mgongo tu, vifungo vyote. Baada ya hapo alionekana akizunguka kati ya viti, ameielekeza simu kwenye nguo za wageni, anavuta ikue, na kumnong’oneza Kimya sikioni:

“Pindo la yule wa njano, njoo uone. Lina viazi.”